Jalada la shauri la mwaka 1994 halionekani mahakama ya mwanzo: mjukuu anaruhusiwa kuliona, na aliombe wapi?

#1 Mjukuu wa Mikorosho

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mwongozo kwa anayefahamu taratibu za kupata kumbukumbu za mashauri ya zamani huku wilayani.

Babu yetu aliacha shamba la mikorosho la ekari sita, na tumelilima bila mgogoro tangu alipofariki mwaka 2009. Msimu huu jirani amejitokeza na nakala kivuli ya hukumu ya mahakama ya mwanzo, Shauri la Madai Na. 14 la mwaka 1994, inayosema kwamba babu alikuwa mdaiwa na kwamba alishindwa. Nakala yenyewe ina kurasa mbili, muhuri umefifia kiasi kwamba inasomeka nusu duara ya juu tu, na mwishoni kuna sahihi moja. Wazee wa kijiji wanakumbuka kweli kwamba babu aliwahi kwenda mahakamani, lakini hakuna anayekumbuka alikwenda kudai au kudaiwa.

Nimekwenda mahakama hiyo mara mbili, na kila safari ni saa tatu za gari na bodaboda. Sitaitaja jina, kwa sababu karani aliyenipokea alinisaidia kwa moyo na sitaki alaumiwe. Aliniuliza mimi ni nani katika shauri lile, nikamweleza, akafungua stoo. Majalada yamefungwa kwa kamba ya katani kwa kila mwaka. Tulifungua furushi la 1994 pamoja, tukaona namba 12, namba 13, kisha namba 15. Namba 14 haimo.

Je, mimi mjukuu ninaruhusiwa kuliona jalada hilo? Na kama halipo pale, liko wapi?

#2 Sauti ya Wilaya

Ndugu, haki hiyo unayo bila shaka yoyote. Mashauri husikilizwa hadharani, kwa hiyo kumbukumbu zake ni za wananchi. Isitoshe, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inamtaka mwenye taarifa akujibu ndani ya siku 30. Andika ombi, taja sheria hiyo, usubiri. Asikuulize mtu wewe ni nani.

#3 Wakili wa Kanda

Naomba kumsahihisha kidogo Sauti ya Wilaya, kwa nia njema. Shauri kusikilizwa katika mahakama ya wazi ni jambo moja, na kufunguliwa jalada lenye vielelezo vya watu ni jambo jingine. Sheria aliyoitaja ipo, inahusu Tanzania Bara na inawahusu raia, lakini kwa mahakama ya mwanzo njia inayofika haraka ni barua kwa hakimu mfawidhi, yaani hakimu anayeongoza mahakama hiyo. Humo unataja namba ya shauri, mwaka, majina ya wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, unachokiomba, na uhusiano wako na shauri hilo. Swali la karani lilikuwa halali kabisa.

Hapo ndipo ninapokuuliza na mimi, ndugu Mjukuu: je, mirathi ya babu ilifunguliwa? Aliyekuwa mdaawa amefariki, na anayesimama mahali pake mbele ya mahakama ni msimamizi wa mirathi yake. Kama baba yako au shangazi yako aliteuliwa, ambatisha nakala ya Fomu Na. IV iliyomteua. Kama hakuna aliyeteuliwa, utaruhusiwa pengine kusoma jalada kwa hisani ya hakimu, lakini siku mkihitaji kupinga jambo lolote, mtakosa mwenye miguu ya kusimama.

Tena, tenganisha unachokiomba. Hukumu ni kitu kimoja, na mwenendo wa shauri, yaani maelezo ya mashahidi yalivyoandikwa na hakimu, ni kitu kingine. Watu wengi huandika «naomba nakala ya kesi», wakapewa hukumu peke yake, wakarudi tena kwa nauli nyingine.

#4 Binti wa Masasi

Mimi nilizunguka miezi minne nikitafuta shauri la marehemu mama, kumbe nilikuwa natafuta jina lisilokuwepo. Mama alijulikana kwa jina la ndoa, lakini mwaka ule karani aliandika jina la ukoo wake, tena kwa matamshi ya kwetu: penye R pameandikwa L. Nilikuja kuligundua kwa bahati, kwa sababu kijiji na jina la mdaiwa vililingana na nilivyovijua.

Kwa hiyo, Mjukuu, kabla ya kuamini kwamba jalada limepotea, orodhesha majina yote ambayo babu aliwahi kuitwa, pamoja na lile la jandoni kama lilitumika.

#5 Karani Mstaafu

Nimefanya kazi katika masjala, yaani ofisi za kutunza majalada, za mahakama za mwanzo na ya wilaya kwa miaka mingi, hivyo nitasema kwa urefu, mnivumilie.

Kijana wangu, umeuliza jalada, na jalada linatembea. Kisichotembea ni rejista. Kila shauri likifunguliwa, kabla hata jalada halijapewa gamba, huandikwa kwenye daftari kubwa la mashauri: namba, tarehe ya kufunguliwa, jina la mdai, jina la mdaiwa, aina ya madai, ada iliyolipwa na namba ya stakabadhi, kisha uamuzi na tarehe yake. Upande wa kulia kabisa kuna safu ya maelezo. Hiyo ndiyo safu yenye siri zote. Jalada likiondoka, karani makini huandika humo limekwenda wapi na lini, mara nyingi kwa penseli, akitegemea kwamba litarudi. Ukirudi, usiseme tena «naomba jalada namba 14». Sema «naomba tuangalie mstari wa 14 katika rejista ya madai ya mwaka 1994».

Sasa, jalada la mahakama ya mwanzo huondoka kwa sababu zipi? Ya kwanza ni rufaa. Aliyeshindwa anazo siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na akikata, jalada halisi huitishwa huko. Rufaa ikiisha linapaswa kurudishwa, lakini nimeona kwa macho yangu majalada ya mwanzo yamelala ndani ya majalada ya rufaa, yameshonwa pamoja kwa uzi mmoja, hakuna aliyekumbuka kuyatenganisha. Ya pili ni marejeo: mahakama ya wilaya ina mamlaka ya kuitisha jalada lolote la mwanzo na kulikagua. Ya tatu ni kwamba shauri lilifika Mahakama Kuu, na hapo majalada mawili huwa yamesafiri pamoja hadi masjala ya kanda.

Halafu yako yale tusiyopenda kuyasema, yaani mvua, mchwa na kuhama majengo. Mahakama nyingi za vijijini zilikuwa chumba kimoja na stoo yenye dari la mabua. Mchwa haanzii juu ya furushi, huanzia chini kwenye sakafu, kwa hiyo ukiona namba za katikati zimekosekana huku za chini ni nzima, mchwa usimsingizie. Namba 13 na namba 15 zipo salama. Hiyo inaniambia kwamba mkono wa mtu ndio ulioichomoa namba 14, kwa halali au kwa haramu.

#6 Mtoto wa Pwani

Mzee Karani, uchunguzi wako wa mchwa unastahili kufundishwa chuoni. Mimi nilikuwa tayari kuwafungulia mashtaka mchwa wote wa wilaya ile.

#7 Sauti ya Wilaya

Nimepokea sahihisho la #3 kuhusu barua. Hata hivyo nasimama kwenye hoja yangu kwamba mwananchi asiombe kama anaomba fadhila. Pia ningemshauri Mjukuu aombe mahakama ya wilaya ifanye marejeo ya hukumu hiyo moja kwa moja, kwa kuwa Mzee Karani amethibitisha kwamba mamlaka hayo yapo.

#8 Wakili wa Kanda

Mamlaka yapo, lakini yana ukomo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inasema marejeo ya namna hiyo hayafanyiki baada ya miezi 12 kupita tangu shauri lilipomalizika katika mahakama ya mwanzo. Shauri la 1994 limeshavuka mpaka huo mara nyingi. Kinachobaki ni kuomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, kwa sababu za msingi.

Niongeze jambo moja, maana watu wa vijijini huponzwa nalo sana. Rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya haikulazimu kuambatisha nakala ya hukumu. Nimekutana na wazee waliokaa miezi wakingoja nakala huku siku zao 30 zikiyoyoma, wakidhani saa yao bado haijaanza kuhesabiwa. Kukata rufaa kwa amri chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ni habari nyingine, na huko muda wa kusubiri nakala huondolewa kwenye hesabu.

#9 Mlinzi wa Mpaka

Mimi nina wazo tofauti. Mwaka 1994 migogoro mingi ya mashamba vijijini ilipelekwa kwenye mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Huenda hiyo «Na. 14/1994» ni namba ya baraza na si ya mahakama, na nyaraka zake ziko ofisi ya mtendaji wa kata. Yapo pia mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, ambayo hayakuwa chini ya Mahakama bali chini ya wizara ya ardhi. Watu huwa wanayaita yote mahakama.

#10 Karani Mstaafu

Hoja ya kata ni nzuri na ninaikubali kama uwezekano. Ila mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yaondoe kwenye hesabu, kwa sababu yalikuja na sheria ya mwaka 2002 iliyoanza kutumika Oktoba 2003. Mwaka 1994 hayakuwepo. Wakati ule mahakama ya mwanzo ilisikiliza migogoro ya ardhi ya kimila kama kawaida. Mjukuu, hebu tuambie kichwa cha hiyo nakala kivuli kinasomekaje, na kama muhuri una neno lolote linaloonekana.

#11 Mkaaji wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu kwenye kaunti za mashambani maumivu ni yaleyale, ila njia zinatofautiana. Katiba yetu, Ibara ya 35, inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Kwa mshtakiwa wa jinai, Ibara ya 50 inampa haki ya nakala ya mwenendo kwa ada ya wastani. Kesi za mirathi nazo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali, kwa hiyo mtu anaweza kupata namba ya kesi hata kama masjala haimwonyeshi chochote.

Kinachofanana kabisa na kisa cha Mjukuu ni majalada ya yale mabaraza ya migogoro ya ardhi yaliyoundwa mwaka 1990. Maamuzi yake yalipelekwa kuidhinishwa na mahakama ya hakimu, na mabaraza yenyewe yakafutwa mwaka 2011. Ukitafuta leo, unaweza kukuta uamuzi uko mahakamani huku ushahidi uliosikilizwa uko kwenye kabati la ofisi ya utawala, au haupo popote. Marehemu mjomba wangu alipata ukurasa mmoja wa kuidhinisha uamuzi, na hadi anafariki hakuuona uamuzi wenyewe.

#12 Mtoto wa Pwani

Karibu, jirani. Siku 21 kwa 30, mmetushinda tisa kwa karatasi. Sasa tuambie kama karani wa huko naye huuliza «wewe ni nani katika kesi hii».

#13 Mkaaji wa Voi

Huuliza, tena kabla ya salamu.

#14 Mjukuu wa Mikorosho

Asanteni sana. Mzee Karani, kichwa kimeandikwa kwa mashine ya chapa: «KATIKA MAHAKAMA YA MWANZO», kisha jina la mahali, na nusu ya muhuri inayosomeka ina neno MWANZO. Kwa hiyo wazo la baraza la kata naliona limepungua nguvu, ingawa sijalitupa. Tarehe ya hukumu imeandikwa kwa mkono: 14/8/1994. Kuhusu mirathi, shangazi aliteuliwa mwaka 2010, na Fomu Na. IV anayo.

#15 Binti wa Masasi

Nimeitazama kalenda. Tarehe 14 Agosti 1994 ilikuwa siku ya Jumapili. Hakimu gani wa mwanzo alisoma hukumu Jumapili?

#16 Mlinzi wa Mpaka

Hapo sasa! Hiyo hukumu imepikwa. Aliyeitengeneza hakukumbuka kutazama kalenda.

#17 Wakili wa Kanda

Tusiende mbio. Tarehe ya mkono kwenye nakala kivuli iliyofifia si ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Tarakimu 9 ikififia huweza kusomeka kama 4, na tarehe 19 Agosti mwaka ule ilikuwa Ijumaa, siku ya kazi. Huenda pia mwandishi alirudia namba ya shauri bila kukusudia.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni ile sahihi moja. Wakati huo hakimu wa mwanzo aliketi na washauri, wale tunaowaita wazee wa baraza, na kanuni zilitaka hukumu isainiwe na wote walioketi. Hukumu ya 1994 yenye sahihi ya hakimu peke yake ama ina kasoro, ama ukurasa wenye sahihi za wazee haukutolewa nakala. Ndiyo maana jalada lenyewe linahitajika. Nakala kivuli haiwezi kukujibu swali hilo.

#18 Karani Mstaafu

Naunga mkono, na nitatoa uwezekano wa tatu. Zamani tulikuwa na desturi ya kutoa nakala iliyochapwa kutoka kwenye hukumu ya mwandiko. Mchapaji aliandika majina ya wazee wa baraza chini, kisha hakimu akathibitisha nakala kwa sahihi yake peke yake. Nakala ya namna hiyo ni halali. Tazama kama juu ya sahihi pana maneno kama «nathibitisha kuwa hii ni nakala sahihi».

#19 Mjukuu wa Mikorosho

Sehemu hiyo imekatwa. Mtoa nakala aliweka karatasi vibaya, na mstari wa mwisho kabla ya sahihi unaonekana vichwa vya herufi tu.

#20 Sauti ya Wilaya

Je, mtandao hauwezi kusaidia? Ipo tovuti ya TanzLII inayochapisha hukumu bila malipo, na siku hizi mashauri yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki.

#21 Wakili wa Kanda

TanzLII ni hazina, na ninaitumia kila siku, lakini kwa sehemu kubwa ina hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Hukumu ya mwanzo ya 1994 usitarajie kuikuta humo. Unachoweza kutafuta ni jina la babu na la jirani, endapo shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, kwa kuwa jaji huanza kwa kusimulia yaliyoamuliwa chini. Mfumo wa kielektroniki nao hauwezi kukuonyesha jalada la karatasi ambalo halikuwahi kuingizwa.

Na endapo jalada litathibitika kupotea, usikate tamaa. Mahakama zimekuwa zikielekeza kumbukumbu zikusanywe upya kutoka kwa wadaawa na kwa kila mwenye nakala, na wahusika waeleze kwa kiapo juhudi zilizofanyika. Mtu wa kwanza kuombwa nakala atakuwa jirani yako, na hapo atalazimika kusema aliipata wapi na kwa nani.

#22 Mjukuu wa Mikorosho

Wanajukwaa, nimerudi kutoka mahakamani na shangazi. Tulipeleka barua yenye vipengele vya #3, tukaambatisha Fomu Na. IV, na hakimu mfawidhi akaruhusu tuangalie rejista. Daftari ni la jalada jeusi, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Karani aliweka rula chini ya mstari wa 14 ili tusichanganye mistari.

Mstari wa 14 upo. Jina la babu liko kwenye safu ya mdai, si ya mdaiwa. Kwenye safu ya mdaiwa limo jina la baba yake jirani. Aina ya madai ni «shamba». Safu ya uamuzi iko tupu. Kwenye safu ya maelezo kuna penseli iliyofifia: herufi W, kisha 3/95. Basi, hakuna zaidi.

#23 Karani Mstaafu

W ni Wilaya. Jalada liliitishwa mahakama ya wilaya Machi 1995, na nina hakika ya jambo hilo kama ninavyojua jina langu. Nenda masjala ya wilaya, omba rejista ya rufaa za madai ya mwaka 1995, na jalada lako utalikuta limeshonwa ndani ya jalada la rufaa.

#24 Mlinzi wa Mpaka

Na kama ni rufaa, mbona safu ya uamuzi iko tupu? Mtu hukata rufaa dhidi ya uamuzi uliopo. Mimi nasema W ni «wamepatana». Wazee walisuluhishana nje, shauri likaisha Machi 1995, na hiyo hukumu ya Agosti 1994 haikuwahi kuwepo.

#25 Binti wa Masasi

Au 3/95 si mwezi. Inaweza kuwa shauri lingine, namba 3 ya mwaka 1995, lililofunguliwa upya baada ya hili kuondolewa. Mama yangu aliwahi kuambiwa aondoe madai yake na kuyaleta upya kwa sababu ya kasoro, na namba ikabadilika.

#26 Wakili wa Kanda

Yote matatu yanawezekana. La Binti wa Masasi ndilo rahisi kulipima, kwa sababu rejista ya 1995 iko kwenye mahakama ileile. Mjukuu, mliitazama?

#27 Mjukuu wa Mikorosho

Hatukuitazama. Saa tisa ilikuwa imefika, na gari la mwisho lilikuwa linaondoka. Jumatatu tutapanda la saa kumi na moja alfajiri, tuanze na rejista ya 1995 pale mwanzo, kisha tuendelee wilayani siku hiyohiyo.

#28 Karani Mstaafu

Andikeni barua mbili tofauti, moja ya kila mahakama, na kila moja iwe na nakala yake ya pili. Nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbaki nayo nyinyi. Shangazi aende na kitambulisho chake. Na mchukue miwani yenye nguvu, maana penseli ya mwaka 1995 haisomeki kwa macho ya kawaida.